Usalama wa chakula, uchakachuaji na vipimo vya maabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na mialo ya Ziwa Victoria

Majibu haya ni kwa wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, waanika dagaa wa Ukerewe na Igombe, wenye mashine za kusaga, wakusanyaji wa maziwa na wenye viwanda vidogo wanaotafuta alama ya ubora. Maswali yanayowagharimu watu fedha nyingi yamejibiwa kwa urefu. Mengine yanataka mistari michache tu.

Nataka mzigo wangu upimwe kila kitu. Nianzie wapi?

Hakuna maabara inayopima kila kitu. Kila kipimo hujibu swali moja, na kila swali lina gharama yake. Anza na mambo mawili: mnunuzi anadai nini, na bidhaa yako huharibika au huchakachuliwa kwa njia ipi. Kwa dagaa wakavu, ya kwanza ni unyevu, mchanga, bakteria wa Salmonella na E. koli, na ukungu. Kwa unga wa mahindi na karanga ni sumukuvu (sumu ya ukungu, aflatoksini) na unyevu. Kwa maziwa ni uzito wa ujazo, mafuta, maji yaliyoongezwa na wingi wa bakteria. Kwa minofu ya sangara ya kuuza nje, orodha huwekwa na mamlaka ya uvuvi pamoja na nchi inayonunua, na humo huwamo bakteria, metali nzito na mabaki ya viuatilifu.

Ukifika mapokezi useme tu "pimeni kama ni salama", utapangiwa vipimo vya kawaida vya bidhaa hiyo, na pengine kile ulichokihitaji hakitakuwemo.

Kwa Mwanza, ofisi gani inahusika na nini?

Hadi katikati ya 2019 chakula kilisimamiwa na TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Tangu Julai 2019 kazi hiyo iko Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Huko ndiko unakosajili jengo la chakula na bidhaa yenyewe. Samaki na mazao yake wanasimamiwa na sekta ya uvuvi, na maabara yake ya ubora wa samaki iko Nyegezi. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo ina tawi la kanda, na hutumika sana kwenye kesi na sumu. Uzito na lumbesa ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Mjasiriamali mdogo apitie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza achukue barua ya utambulisho. Itamrahisishia njia ya TBS.

Sampuli inachukuliwaje? Si nachota tu juu ya gunia?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mashine ya maabara inaweza kuwa nzuri namna gani, lakini inapima gramu chache zilizotoka kwenye kile ulicholeta. Ukichota juu ya gunia moja, jibu ni la juu ya gunia lile, na magunia mengine tisini na tisa hayajasema chochote.

Chukua mfano wa mahindi. Sumukuvu haienei sawasawa: punje nyingi hazina kitu, chache zimejaa. Punje moja ya gramu 0.3 yenye maikrogramu 30 za sumukuvu inatosha kuifanya kilo nzima iwe na maikrogramu 30 kwa kilo, mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Ukiikosa punje hiyo mzigo unafaulu, na ukiipata unafeli, mahindi yakiwa ni yale yale.

Namna ya kufanya: choma bambo (chuma chenye uwazi cha kutolea nafaka guniani) kwenye magunia mengi kadiri inavyowezekana, juu, katikati na chini, magunia ya ukutani na ya katikati ya rundo. Kila mchomo utoe kiasi kinacholingana na mwingine. Mimina yote kwenye turubai safi na kavu, changanya kwa koleo, tengeneza chungu, kigawe mara nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya tena, endelea hadi zibaki kilo tano hivi. Kilo hizo zote zisagwe kwa pamoja ndipo ichukuliwe sehemu ndogo ya kupima. Kusaga gramu 200 tu kutoka kwenye kilo tano ni kurudi kule kule ulikokimbia.

Kwa vipimo vya bakteria utaratibu hubadilika. Mfuko uwe umetakaswa, mara nyingi maabara yenyewe itakupa. Nawa mikono, vaa glovu, tumia kijiko kilichochemshwa au kufutwa kwa spiriti. Usikusanye mzigo wote kwenye turubai. Chukua sampuli tano zinazojitegemea, kila moja gramu 200 au zaidi. Samaki mbichi wakae kwenye barafu, kati ya nyuzi 0 na 4, wafike ndani ya saa 24. Usiwagandishe kwenye friza, kwa sababu ugandishaji huua sehemu ya bakteria na jibu litatoka zuri kuliko hali halisi. Kwa zebaki, risasi au viuatilifu kugandisha hakuna shida.

Andika kwenye kila mfuko tarehe, saa, mahali, namba ya mzigo na jina la aliyechukua, kwa kalamu isiyofutika. Karatasi iliyowekwa ndani ya mfuko wa samaki italowa, na maabara haitakuwa na namna ya kujua mfuko upi ni wa boti ipi.

Sampuli tano zote hazina Salmonella. Mzigo ni salama?

Kuna dalili nzuri, basi. Tufanye hesabu: kama kumi kati ya kila pakiti mia zina Salmonella, uwezekano wa sampuli moja kuikosa ni 0.9. Tano zote kuikosa ni 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.59. Mzigo wenye uchafu wa asilimia kumi utafaulu takribani mara sita kati ya kumi. Uchafu ukiwa asilimia moja, utafaulu mara 95 kati ya 100.

Ndiyo maana wakaguzi makini huuliza kwanza kuhusu maji, barafu, vichanja na mikono ya wafanyakazi, cheti cha maabara baadaye. Kipimo kinaonyesha kama usafi unafanya kazi. Hakiwezi kuchukua nafasi yake.

Kwa nini majibu ya Salmonella huchukua siku nne au tano?

Kwa sababu bakteria hao wanaweza kuwa wachache na waliochoka kwa jua, chumvi au baridi. Wanahitaji kulishwa kwanza. Gramu 25 za chakula huwekwa kwenye mililita 225 za maji ya peptoni na kukaa nyuzi 37 kwa saa 18 hivi. Kisha mililita 0.1 huhamishiwa kwenye mchuzi wa RVS, nyuzi 41.5, na mililita 1 kwenye mchuzi wa MKTTn, nyuzi 37, kwa saa 24. Hapo ndipo hupandwa kwenye sahani za XLD, ambako makoloni yanayoshukiwa hutoka mekundu yenye kiini cheusi. Siku inayofuata huthibitishwa kwa vipimo vya kikemia na antisera. Anayekuahidi jibu la njia hii kesho asubuhi ameruka hatua. Zipo njia za haraka za PCR, zinazotafuta DNA ya bakteria, lakini nazo huanza na kulisha usiku kucha, na jibu la "wapo" bado huthibitishwa kwa sahani.

Barafu kiasi gani kwa kilo ya samaki?

Kwa joto letu, kilo kwa kilo. Kimahesabu ni kidogo zaidi: kushusha kilo ya sangara kutoka nyuzi 25 hadi 0 kunataka takribani kilojuli 90, na kilo ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334, kwa hiyo robo kilo na ushee ingetosha. Lakini boti la mbao, jua la mchana, maji yaliyotuama chini na kifuniko kinachofunguliwa kila saa vyote vinakula barafu hiyo hiyo. Safari ya siku mbili visiwani bila boksi lenye kizuizi cha joto hudai zaidi ya kilo kwa kilo.

Ponda barafu ya mabonge iwe ndogo. Bonge kubwa linagusa samaki sehemu chache na linamchubua. Tandika barafu chini, samaki, barafu, samaki, malizia na barafu. Acha tundu la kutolea maji, kwa sababu samaki akilala kwenye maji ya damu anaharibika hata kama ni baridi. Barafu itengenezwe kwa maji yaliyotiwa klorini. Iliyogandishwa kwa maji ya ufukweni inawahifadhi vijidudu vya choo kisha inawamwagia samaki.

Klorini naichanganyaje?

Dawa ya kuondoa madoa ya asilimia 3.5 ina takribani miligramu 35,000 za klorini kwa lita. Kwa meza, visu na kreti unataka miligramu 100 kwa lita: weka mililita 60 kwenye ndoo ya lita 20. Osha kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo upake klorini na uiache dakika kumi. Ukiimwaga juu ya utelezi wa samaki inaisha nguvu hapo hapo. Kwa maji ya kuoshea samaki kiwango ni kidogo sana, mabaki ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Tengeneza upya kila siku, na soma lebo ya chupa, maana zipo zilizochujuka dukani.

Dagaa wangu wanarudishwa kwa mchanga. Nipunguzeje, na unapimwaje?

Mchanga unatokana na kuanika chini. Tiba ni kichanja: nguzo za urefu wa mita moja hivi, juu yake wavu wa matundu madogo, dagaa watandazwe safu moja bila kurundikana. Hewa inapita chini na juu, wanakauka haraka kuliko mchangani, na kuku, mbwa na bata hawawafikii. Hilo la mwisho watu hulipuuza, ilhali vinyesi vya kuku ni njia ya wazi ya Salmonella kuingia kwenye dagaa. Kuanika kwenye mawe ni afadhali kuliko mchanga, lakini mawe hayana uzio.

Osha dagaa kwa maji safi kabla ya kuanika, tena mapema. Waliokaa kwenye boti hadi jua kali tumbo hupasuka, mafuta hutoka, na wakikauka wanageuka rangi ya kutu na kunuka uchachu. Uchachu huo ni mafuta yaliyoungana na oksijeni. Hakuna kuanika tena kunakouondoa. Wakati wa masika tatizo kubwa ni mvua: dagaa walioloweshwa mara mbili huingia ukungu, na wengi huishia kuuzwa kwa chakula cha kuku, ambako wanapaswa kweli kwenda, wasirudi kwenye gunia la binadamu.

Kupima mwenyewe: pima gramu 100 za dagaa, weka kwenye ndoo yenye maji lita moja, koroga kwa mkono, toa dagaa, acha maji yatulie, mwaga taratibu. Rudia mara tatu. Kilichobaki chini kaushe na ukipime. Ukipata gramu 5, gunia la kilo 50 lina mchanga kilo mbili na nusu, na mnunuzi anajua hivyo. Maabara hufanya kwa namna nyingine: huchoma sampuli kwa nyuzi 550 hadi iwe majivu, huchemsha majivu kwenye asidi ya hidrokloriki, huchuja, huchoma tena. Majivu ya mifupa huyeyuka kwenye asidi, mchanga hauyeyuki. Njia hii hunasa hata vumbi laini lililoganda kwenye dagaa, ambalo ndoo hailioni.

Kuna wanaoongeza mchanga makusudi ili gunia liwe zito. Maabara haiwezi kusema kama ni kusudi au uzembe. Ila mchanga ukizidi chini ya gunia na juu ukawa mdogo, kwa dagaa walioanikwa siku moja mahali pamoja, una sababu ya kuuliza.

Ndani ya dagaa kuna mnyoo mweupe, bapa. Ni hatari?

Mara nyingi ni Ligula, mnyoo bapa ambaye hukaa tumboni mwa dagaa akisubiri aliwe na ndege wa majini. Haishi ndani ya binadamu, na kukausha na kupika humuua. Anachukiza macho, na ni halali kwa mnunuzi kukataa mzigo uliojaa minyoo.

Nzi hawatui kwenye samaki huyu. Amewekewa formalini?

Nzi si kipimo. Samaki aliyetoka kwenye barafu ni baridi na hanuki, nzi humpita. Aliyepakwa chumvi vilevile. Na dagaa waliopuliziwa dawa ya wadudu hawatuliwi na nzi ilhali hawana formalini hata chembe, jambo ambalo kwa maoni yetu ni hofu yenye uzito zaidi kuliko formalini yenyewe. Formalini hukaza nyama ikawa ngumu kama mpira, hufanya macho yawe na ukungu na huwasha pua samaki akifunguliwa tumbo. Dalili hizo zinatosha kukufanya usinunue, hazitoshi kumshtaki mtu.

Maabara husaga nyama, hutoa formaldehaidi (kemikali iliyomo kwenye formalini) kwa kuchemsha na kukusanya mvuke, kisha huchanganya na kitendanishi cha asetilasetoni chenye amonia asetati. Ikiwepo, rangi ya njano hutokea baada ya kupashwa joto, na husomwa kwenye mwanga wa nanomita 412. Tahadhari kwa wenye vipimo vya matone: samaki wengine, hasa wa baharini waliogandishwa muda mrefu, hutengeneza formaldehaidi kidogo wenyewe. Rangi hafifu ya njano kwenye samaki wa friza inataka kupimwa kiasi, usikimbilie kuita polisi.

Samaki waliovuliwa kwa sumu wanatambulikaje?

Kwa macho ni vigumu. Samaki wengi wa saizi zote waliokufa bila alama ya wavu wala ndoano, mashavu yakiwa wazi sana, ni ishara. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya viuatilifu, na mwalo mzima ulilipia yaliyofanywa na wachache. Enzi hizo jina lililotajwa sana ni thiodani, yaani endosalfani, ambayo mwaka 2011 iliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani.

Kwa kipimo, leta samaki mzima aliyegandishwa, umemfunga kwenye foili, pamoja na matumbo na mashavu yake. Maabara husaga, huchukua gramu 10, hutikisa na mililita 10 za asetonitrili na chumvi, huzungusha kwenye sentrifuji, husafisha mafuta, kisha hupeleka kwenye kromatografia yenye kipima masi, mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua moja moja. Kama unajua dawa gani imeshukiwa, iseme. Mashine hutafuta zile ilizopangiwa, na ambayo haimo kwenye orodha yake haitaonekana hata ikiwa nyingi.

Nauziwa "sato wa ziwa" lakini nahisi ni wa friza kutoka nje. DNA itanisaidia?

Si sana, na hili huwashangaza wengi. Sato wa ziwani, sato wa vizimba na sato wa kufugwa wanaoagizwa kutoka Asia mara nyingi ni spishi ile ile, Oreochromis niloticus. Kipimo cha kawaida cha DNA, kinachosoma kipande cha jeni kiitwacho COI, kitasema "sato" kwa wote watatu. DNA ina nguvu pale spishi zinapotofautiana: mnofu unaoitwa sato kumbe ni sangara, au sangara aliyechanganywa na samaki mwingine kwenye kababu.

Kwa swali lako kuna njia mbili. Moja ni kuuliza kama aliwahi kugandishwa. Kuganda hupasua seli na kumwaga kimeng'enya cha HADH kwenye maji ya nyama, nacho hupimika. Kwa macho, samaki aliyeyeyushwa hutoa maji mengi, nyama ikibonyezwa hairudi, na macho yamezama. Njia ya pili ni uwiano wa isotopu (atomi nyepesi na nzito) za kaboni na naitrojeni, ambao hufuata alichokula samaki. Inahitaji sampuli za kulinganishia na maabara chache zina mashine hiyo. Kwa mchuuzi wa kawaida, risiti ya mwalo, boksi la asili na bei huonyesha mengi. Sato wa ziwa anayeuzwa bei chini ya mwaloni ametoka wapi?

Sato wa vizimba wamejaa homoni?

Vifaranga hulishwa chakula chenye methiltestosteroni, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo ya chakula, kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo ili wawe madume, maana madume hukua haraka. Wakati huo samaki hana hata uzito wa gramu chache. Anavuliwa miezi sita au zaidi baadaye, na homoni ilishatoka mwilini. La kuuliza kwa mfugaji ni antibiotiki: kama ametumia, ipi, na siku ngapi zimepita kabla ya kuvuna.

Samaki wa moshi wanaokwenda Kongo wanapimwa nini?

Unyevu, ukungu, wadudu, na kemikali za moshi zinazoitwa PAH. Ulaya huruhusu maikrogramu 2 za benzopirini, mojawapo ya PAH, kwa kilo ya samaki wa moshi, na 12 kwa jumla ya PAH nne. Zinapanda mafuta ya sangara yanapodondokea motoni na moshi wake kurudi juu, moto unapowaka kwa ndimi badala ya makaa, au mkaushaji anapotumia mbao zilizopakwa rangi, plastiki na matairi. Weka bati la kukinga mafuta kati ya moto na samaki, na tenganisha kukausha na kutia moshi: kausha kwa makaa yasiyo na moshi kwanza, moshi uje mwishoni kwa muda mfupi kwa ajili ya rangi na harufu. Tanuri za aina ya FTT, zilizotengenezwa na FAO huko Thiaroye, Senegali, zimejengwa juu ya wazo hilo.

Usipulizie dawa ya mbu kwenye tenga. Wadudu wanaokula samaki wa moshi hushindwa na ukavu wa kutosha, mfuko usiotoboka na stoo iliyofagiliwa.

Naweza kufunga samaki wa moshi kwenye mfuko usio na hewa ili wakae muda mrefu?

Ukiwa na ubaridi chini ya nyuzi 3 muda wote, au samaki mkavu kabisa, ndiyo. La sivyo, acha. Bila hewa, bakteria wa Clostridium botulinum hupata mahali pazuri, na sumu yake haina harufu wala haifurishi mfuko kila mara.

Sumukuvu kwenye unga: nikipika ugali si inakufa?

Haifi, kwa sababu ni kemikali. Joto la sufuria halifiki linakoivunja. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni maikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu zote na 5 kwa aina yake ya B1. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, kwa hiyo hii si hadithi ya vitabuni.

Kinachosaidia ni kabla ya kusaga. Chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na nyepesi. Humo ndimo sumu nyingi ilimo. Kukoboa hupunguza kwa sababu sehemu kubwa iko kwenye pumba na kiini, hivyo dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe yake, na pumba hizo zikimfikia ng'ombe sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Bila mashine, weka chumvi kavu kabisa vijiko viwili au vitatu na mahindi theluthi ya chupa kavu, tikisa dakika chache, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umevuka asilimia 15 na hayaingii stoo.

Laktomita inasema maziwa yako sawa, lakini yamekaa kimaji. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Laktomita hupima uzito wa ujazo tu. Maziwa ya kawaida kwa nyuzi 20 huwa na uzito wa ujazo kati ya 1.028 na 1.032. Ukiongeza maji asilimia 10 yanashuka pointi tatu hivi, mathalani kutoka 1.030 hadi 1.027. Mjanja hutoa kwanza mafuta, maziwa yanapanda, kisha anaongeza maji hadi yarudi palepale. Laktomita haina la kusema. Mwingine huongeza sukari, chumvi au unga.

Hapo pima mafuta kwa njia ya Gerber: mililita 10 za asidi ya salfuriki, 10.75 za maziwa, 1 ya amili alkoholi, kwenye sentrifuji dakika tano, kisha maji ya nyuzi 65. Asidi itangulie, maziwa yafuate polepole ukutani mwa chupa. Ukimwaga kwa haraka hutokea vipande vyeusi na usomaji hauna maana. Unga hugunduliwa kwa tone la ayodini kwenye maziwa yaliyochemshwa na kupozwa: yakigeuka bluu, kuna wanga. Kwa maji yenyewe, kipimo cha kuaminika ni nyuzi za kuganda. Maziwa halisi huganda karibu na -0.53, na kadiri maji yanavyoongezwa ndivyo yanavyokaribia sifuri.

Mawese mekundu sana yana rangi?

Huenda. Rangi za Sudan, ambazo ni za viwandani na haziruhusiwi kwenye chakula, zimewahi kukutwa kwenye mawese na pilipili za kusaga katika masoko mengi. Jicho haliwezi kutofautisha, kinahitajika kromatografia.

Ripoti imeandikwa "9.2 ± 2.1" na kiwango ni 10. Nimefaulu?

Inategemea kanuni ya uamuzi, ambayo unapaswa kuiuliza kabla ya kulipia. Thamani halisi huenda iko popote kati ya 7.1 na 11.3. Baadhi ya wanunuzi huangalia 9.2 peke yake, wengine hudai hata ncha ya juu iwe chini ya kiwango. Angalia pia mambo matatu: namba ya mbinu iliyotumika, kiwango cha chini ambacho maabara inaweza kupima, na kama mbinu hiyo imo ndani ya ithibati ya maabara. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya ISO/IEC 17025 kwa Salmonella na isiwe nayo kwa viuatilifu. "Haikugundulika" bila kutaja kiwango cha chini ni neno tupu: kama mashine haioni chini ya 20 na sheria inasema 10, hujajibiwa.

Soma na mstari mdogo wa chini, unaosema matokeo yanahusu sampuli iliyopokelewa. Muuzaji anayekuonyesha cheti cha Machi kwa mzigo wa Septemba anakuonyesha cheti cha mzigo mwingine.

Mzigo umefeli. Naweza kuupeleka maabara nyingine hadi ufaulu?

Kurudia hadi upate jibu unalolipenda ni njia ya uhakika ya kuuza sumu, kwa hesabu ile ile ya 0.59 tuliyoifanya kwenye Salmonella. Ukiwa na sababu ya kweli ya kupinga, omba maabara ipime sampuli ya akiba iliyofungwa na kusainiwa na pande zote siku ya kwanza. Ndiyo maana sampuli igawanywe mafungu matatu tangu mwanzo.

Wakati huo mzigo utengwe, ufungwe kamba, uandikwe "USIUZWE", na stoo iwe na mtu mmoja mwenye ufunguo. Tafuta kwenye daftari nani ameshauziwa kutoka namba hiyo ya mzigo, mpigie leo. Kinachofuata hutegemea kosa: unyevu uliozidi hurekebishika kwa kuanika tena kama ukungu haujaanza, mchanga huchekechwa, mahindi yenye sumukuvu huweza kuchambuliwa na kupimwa upya yote, samaki wenye kiuatilifu hawana tiba, wanateketezwa mbele ya ofisa. Kuchanganya mzigo mbaya na mzuri ili wastani ushuke chini ya kiwango hakuruhusiwi kwa sumukuvu, na kwa bakteria kunaharibu yote mawili. Hifadhi ripoti, picha na hati ya uteketezaji kwenye faili moja, kwa namba ya mzigo, kwa sababu mkaguzi ajaye ataanza nayo.